Siku Mbili za Kumkaimu Anayenikaimu

Njia ya kwendea Ukaimu sitaieleza. Ni ndefu, halafu wanaoniuliza njia huwa hawana nia ya kwenda, wanataka tu kujua kama naongopa. Nchi ipo. Niliishi humo miaka sita nilipokuwa kijana, nikitengeneza saa, na mwaka jana nilirudi nikiwa na miaka hamsini na mgongo unaouma, kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mtu huyo ni Bi Mwanamize.

Bi Mwanamize ndiye aliyenipangisha chumba nilipofika mara ya kwanza, sina mbele wala nyuma. Hakujaaliwa mtoto. Mwezi wa kwanza nilikuwa mpangaji, mwezi wa pili akaanza kunifulia, na kufika mwaka wa tatu akanishika mkono hadi ofisini akaniandikisha kuwa mwanawe. Nikiinamia saa za watu mpaka chakula kikapoa, alikuwa akisimama mlangoni na mwiko mkononi na kuniambia, "Faki, saa hizo hazina njaa, wewe unayo." Sijawahi kupendwa vile tena, na nasema hivyo nikiwa nimeoa na nina watoto wanne.

Kisha baba yangu mzazi akafa, nikaaga, nikasema nitarudi baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu ikawa miaka ishirini. Sina la kujitetea. Nilifungua duka, nikaoa, nikajenga, na kila mwaka nikasema mwakani. Barua niliandika mbili.

Sasa lazima niseme habari ya sheria yao, maana bila hiyo hamtanielewa. Zamani sana mfalme wa nchi ile alitoka kwenda kuoga mtoni, asirudi. Wageni walikuwa wamekwisha kufika barazani, na mchukua viatu wake akaona aibu wageni wakute kiti kitupu, akakikalia. Mambo yakaenda vizuri tu. Tangu siku hiyo wakaweka sheria kwamba hapana nafasi yoyote itakayokaa wazi zaidi ya siku arobaini, iwe ya kazi, ya urafiki au ya damu. Anayeondoka, anayepotea na anayekufa, wote Idara ya Nafasi huwatafutia mtu wa kukaa mahali pao. Mfalme wa leo ni kaimu wa kumi na moja wa yule mchukua viatu, na kwenye kila tangazo huweka sahihi kwa niaba ya yule aliyekwenda kuoga.

Nilipokuwa kijana sheria hiyo ilikuwa bado haijashika sana mitaani, tukiicheka. Safari hii niliikuta imeota mizizi. Kahawa yao sasa ni mbegu za bamia zilizokaangwa, na ukiomba ile ya buni mwenye mkahawa hukutazama kama mtu uliyemtukania wazazi. Nilikwenda kutazama mpira, nikakuta wachezaji wa akiba ndio wako uwanjani, na wale kumi na mmoja wenyewe hawajafika tangu enzi za babu zao. Mtu akihukumiwa jela hupeleka wa kufungwa badala yake. Bunge lilikuwa wiki ya pili likijadili mvua iliyonyesha nje ya msimu: je, ikubaliwe kuwa kaimu wa masika yaliyokosa? Mbunge mmoja akasema kwa uchungu kabisa kwamba mvua ile haikula kiapo. Mwishowe wakaikubali kwa masharti, lakini kwa kuwa wakulima walikuwa wakingoja uamuzi, mbegu zilikuwa bado maghalani na ardhi imekwisha kukauka.

Nilicheka peke yangu njia nzima mpaka kwenye nyumba ya Bi Mwanamize, na kicheko kikaniishia pale mlangoni.

Nilibisha hodi. Akafungua mwanamume wa makamo, mwembamba, amevaa shati la mistari ya buluu kama nililokuwa nikilipenda ujana wangu, na penseli amechomeka nyuma ya sikio la kushoto. Hapo ndipo nilipokuwa nikiweka yangu.

"Karibu," akasema. "Mimi ni Faki. Nikusaidie nini?"

Nilibaki nimesimama na mzigo begani. Ndani nilimsikia Bi Mwanamize akikohoa, kikohozi chake kile kile cha kukwaruza koo mara mbili, nikataka kumsukuma yule bwana nipite. Nikamwambia Faki ni mimi. Hakushtuka wala hakukasirika. Aliteremka kibarazani, akaurudisha mlango nyuma yake, akanieleza kwa adabu kwamba jina lake la kuzaliwa ni Nyange, kwamba siku ya arobaini na moja tangu niondoke Idara ilimleta hapa kuwa mimi, na kwamba hawezi kuniruhusu niingie. Mafaki wawili katika nyumba moja ni kosa linaloitwa msongamano, na anayeadhibiwa ni mwenye nyumba. Akanionyesha njia ya kwenda Idarani, akanishauri nifanye haraka. Sikumwelewa haraka ya nini.

Idarani nilipokewa na Bwana Shaame, mzee nadhifu mwenye miwani. Kibao cha mlangoni kwake kilisema yeye ni Kaimu wa Naibu wa Kaimu Mkurugenzi. Aliponiona simwelewi, alinieleza taratibu, kama mwalimu anayefundisha watoto kuhesabu. Naibu hukaa kando ya mwenyewe. Kaimu hukaa kiti cha mwenyewe huku akimngoja. Mbadala hukaa kiti hicho hicho, ila hangoji mtu, kama anayewekwa mahali pa marehemu. Na kaimu akitimiza miaka ishirini bila mwenyewe kutokea, huwa mbadala, na jina la yule wa kwanza hufutwa daftarini.

"Nyange anatimiza miaka yake Ijumaa hii, jua likizama," akasema. "Leo Jumatatu. Umechelewa, bwana, lakini hujachelewa kabisa."

Nikamwomba anirudishie nafasi yangu, basi, yaishe. Akavua miwani akaifuta. Mwenyewe aliyekaimiwa, akasema, harudi hivi hivi. Sharti apimwe mbele ya Baraza la Nafasi, yeye na kaimu wake, ionekane nani kati yao anaijaza nafasi vizuri zaidi. Nikamwuliza nani duniani anaweza kuwa mimi kuliko mimi. Alinijibu kwamba kila anayekuja ofisini kwake huanza na swali hilo.

Baraza lilikaa Jumatano asubuhi. Walikuwa wazee watatu, makaimu wote, na mbele yao faili langu, nene kuliko nilivyotarajia. Kumbe Bi Mwanamize aliitwa mwaka ule nilipoondoka akaeleza kila kitu changu, wakaandika. Maswali yalikuwa kumi na mawili.

Waliniuliza Faki anapenda chakula gani. Nikasema ugali na mboga za majani, maana daktari amenikataza mafuta. Nyange akasema wali wa nazi, ukoko wake, na pilipili mbichi pembeni. Wazee wakatazama faili, wakampa yeye alama. Waliniuliza Faki anaogopa nini. Nikasema kufa kabla wanangu hawajasoma. Nyange akasema mijusi, na wazee wakampa yeye. Nilitaka kubisha, lakini kweli, wakati ule nilikuwa nikiogopa mijusi hata nikalala na taa. Wakauliza Faki hupiga mluzi gani akiwa kazini. Nikafungua mdomo, nikakuta sina kitu. Miaka mingapi sijapiga mluzi? Nyange akachongoa midomo akapiga wimbo mfupi, unaoparamia juu kisha unateremka kama anayeshuka ngazi mbili mbili, na nikaona meza yangu ya kazi, na dirisha, na mwanga wa asubuhi juu ya vifaa vya saa.

Swali la mwisho walimtaka kila mmoja acheke. Mimi nilicheka ninavyocheka siku hizi, kwa puani. Nyange akatupa kichwa nyuma akacheka, na kicheko kilichotoka kilikuwa changu cha miaka ishirini na mitano, chote, pamoja na ile kwikwi ya mwishoni. Sikuwa nimekisikia muda mrefu sana. Nililia mbele ya wazee wale na sikuona haya.

Nyange alipata tisa, mimi tatu. Ila Baraza lilikataa kutoa hukumu, kwa sababu hukumu ni kazi ya mwenyekiti mwenyewe, naye aliondoka miaka arobaini na minane iliyopita. Wakasema mambo yabaki yalivyo mpaka atakaporudi. Kubaki yalivyo maana yake ni kwamba Ijumaa ingefika na jina langu lingefutwa. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Nyange akaja akakaa karibu yangu. Akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Yeye ana mama yake mzazi, mji wa pili, mwendo wa siku nzima. Hajamwona tangu alipoletwa kwa Bi Mwanamize, kwa kuwa kaimu wa mwana haruhusiwi kulala nje ya nyumba mpaka apatikane wa kumkaimu, na sheria inataka huyo awe amepimwa juu ya Faki na kupata alama zisizopungua tatu. Kwa miaka ishirini hakuwahi kutokea mtu wa kupimwa.

"Wewe una tatu," akasema. "Nikaimu siku mbili, ndugu yangu. Niende nikamwone mama, Ijumaa jioni nitakuwa nimerudi."

Nikasema sawa. Bwana Shaame akatuandikia hati, nami nikawa kaimu wa kaimu wangu. Nilipokuwa natia sahihi, mzee aliniinamia, akanong'ona kwamba ni wajibu wake kunijulisha: Ijumaa jua likizama yeye atakuja na daftari, na yeyote atakayemkuta amekaa kwenye kiti cha mwana ndiye atakayemwandika, basi, milele. Nikamwuliza kama Nyange anajua. Akasema makaimu wote wanajua.

Alhamisi asubuhi nikaingia.

Bi Mwanamize alikuwa ameketi kitandani, amejifunga kanga, amekuwa mdogo, nywele nyeupe pepe. Alinitazama muda mrefu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno, badala yake nikajikuta nimepiga magoti nimeweka uso kwenye mapaja yake kama mtoto. Akanipapasa kichwa. Akasema nimepata upara. Kisha akaninusa kidogo shingoni, akasema bado nanukia mafuta ya saa, na tukacheka wote wawili, mimi kwa puani.

Siku ile ilikuwa nzuri kupita zote nilizoishi baada ya kuondoka kwake. Nataka lieleweke hilo, kwa sababu ya yale yaliyofuata. Aliniulizia wanangu mmoja mmoja, akakumbuka majina niliyoyaandika katika barua zile mbili. Tulikumbushana mwaka wa nzige, na harusi ya jirani aliyekimbiwa na bibi harusi, na siku nilipotengeneza saa ya msikiti ikawa inakwenda kinyumenyume na watu wakaswali adhuhuri mara mbili. Nyumba ilikuwa ile ile. Meza yangu ilikuwa dirishani, imefutwa vumbi.

Lakini sikujua chochote. Alipotaka dawa yake nilifungua makabati yote nikakosa, akanielekeza. Alipotaka kwenda uani nilimshika mkono, akaniambia si huo, huo unauma, Nyange hunishika huu. Mchana nilimpikia wali ukawa bokoboko, akaula hivyo hivyo. Magoti yalipomwanza nikamwuliza huwa anafanyiwa nini, akaanza kunieleza, mafuta ya nyonyo, yapashwe moto, yasuguliwe kwa kiganja si kwa vidole, kisha akachoka kueleza akasema tuache tu, yatatulia.

Jioni nilimwuliza lile nililokuwa nikiliogopa. Nilimwuliza kama aliwahi kunisahau.

Akatikisa kichwa. "Miaka hii yote nilikuwa nakungoja wewe, Faki," akasema. "Lakini aliyekuja ni yule."

Hakulisema kwa uchungu. Aliniambia kama mtu anayekueleza vitu vilipowekwa, nami nikatoka nikaenda uani nikasimama peke yangu mpaka nilipoweza kurudi.

Ijumaa nilizidi kubadilika, na sitajisafisha. Asubuhi nilijiambia nitamngoja Nyange kwa nia njema. Adhuhuri nilijiambia kwamba yeye ana mama yake wa kumzaa, mimi wangu amekufa siku nyingi, kwa hiyo haki ni ipi? Alasiri nilijiambia kwamba nikibaki nitajifunza, mafuta ya nyonyo si elimu ya falaki. Ningewaandikia nyumbani. Ningesema nitarudi baada ya miezi mitatu. Hilo la miezi mitatu lilinijia lenyewe, kwa maneno yale yale, na hata hivyo nilivuta kiti cha mwana, kile kinachowekwa upande wa miguu ya kitanda, nikakikalia, nikatazama jua dirishani. Bi Mwanamize alikuwa akinitazama mimi. Hakusema kaa wala ondoka.

Bwana Shaame alifika mapema, akaketi karibu na mlango na daftari magotini. Tulikuwa tumebakiza kama upana wa vidole viwili vya jua.

Nyange aliingia akihema. Alikuwa amekimbia, miguu yote vumbi, shati limemganda mgongoni. Aliniona kwenye kiti, akamwona Bwana Shaame, akaelewa. Hakunitaka niondoke. Alikaa chini sakafuni pale pale alipokuwa, akajishika kichwa. Bi Mwanamize akamwuliza mama hajambo?

Akasema alikuta mwanamke amevaa nguo za mama yake, akamkumbatia vizuri, akamwita kwa jina lake la utotoni bila kukosea, akampikia anachokipenda. Ni usiku wakati wa kulala ndipo alipoona miguu yake, si ya mama. Akamwuliza, naye akamwambia bila kuficha: mama alikwisha kufa mwaka wa nane huu, na yeye ni mbadala wake.

"Hakuna aliyeniletea habari," Nyange akasema. "Hakukuwa na msiba. Nafasi haikuwa wazi, nani angelia?"

Bi Mwanamize akashusha miguu kitandani. Yule mama ambaye mimi siku mbili namsaidia kuinuka alijiinua mwenyewe, akashika ukuta, akateremka sakafuni pole pole mpaka akafika kwa Nyange, akamvuta kichwa kifuani, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha matanga, kilio ambacho nchi ile nzima ilikuwa imekisahau. Na Nyange naye akalia. Hakulia kwa sauti yangu. Kilikuwa kilio kizito, cha mtu mwingine kabisa, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia Nyange mwenyewe.

Bwana Shaame alifungua daftari lake kwa sababu kazi ni kazi.

Nikainuka. Nimeulizwa tangu niliporudi, hata na mke wangu, kama niliinuka kwa huruma au kwa kushindwa. Sijui. Nilijua tu kwamba mimi nilikuwa nimeomboleza baba yangu, siku saba, na watu wakaja wakakaa nami, ilhali mtu huyu miaka yote alikuwa hapa akimsugua mama yangu magoti. Nilimshika Nyange kwapani, nikamwinua, nikamkalisha kwenye kile kiti. Bi Mwanamize nikamrudisha kitandani, nikimshika kwa mkono usiouma. Nje jua likazama.

Mzee akaandika. Kisha akanigeukia, kwa kuwa sheria inataka kila aliyemo ndani aandikwe.

"Na wewe jina lako nani?"

"Faki," nikasema.

Akaangalia juu, akaangalia daftari, na nikaona kwamba anasikitika kweli. "Jina hilo lina mtu, bwana," akasema.

"Basi niandike mgeni."

Akaniandika hivyo, akafunga daftari. Nyange alitaka nilale mpaka asubuhi, lakini sheria ya msongamano humhesabu hata mgeni aliyewahi kuwa Faki, nami sikutaka mama yule aadhibiwe kwa ajili yangu. Nikawaaga. Nilipofika mlangoni nikamsikia nyuma yangu Bi Mwanamize anataka bakora yake na ushungi wake, Nyange akimsihi apumzike, yeye hataki kusikia.

Miaka sita niliyokaa naye nilitoka na kuingia nyumba ile maelfu ya mara, hakuwahi kunisindikiza hata siku moja, maana mtu wa nyumbani hasindikizwi. Jioni ile Bi Mwanamize alinishika mkono akanitoa kibarazani, tukashuka ngazi, tukapita kisima, akanifikisha hadi njia panda kwa hatua zake ndogo ndogo, akanitakia safari njema kwa heshima zote, kama anavyoagwa mgeni.